Taa Mbili za Gari la Anti Perpe

Mimi nimestaafu. Chekeni, mkimaliza mniambie. Ndiyo, niko Kidato cha Tatu, nina ndevu nne ambazo mama anasema ni uchafu wa sufuria, na nimestaafu. Kazi niliyostaafu ni ya umeme wa magari, niliyoifanya kila likizo tangu darasa la nane katika gereji ya Fundi Oloo, pale Migori nyuma ya soko la nafaka.

Nawaandikia ninyi mamono wa Kidato cha Kwanza kwa sababu tangu mwezi uliopita mnanizuia njiani mkiniuliza kama ni kweli kuna nafasi kwa Fundi Oloo. Nafasi iko. Ni yangu. Ila kabla hujaenda kuikalia, keti hapa kwanza nikueleze jinsi ilivyobaki wazi.

Tuanze na Fundi mwenyewe. Ni mtu mfupi, mpole, anavaa koti la kijivu lililopigwa pasi, na hatukani. Ukivunja kitu hakupigi makofi. Anakutazama tu huku akiimba wimbo wa kanisani polepole, na wewe unaanza kutamani makofi. Kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama hashiki spana, hata aje waziri na king'ora. Ni Msabato wa kweli. Kila dereva kati ya Isebania na Homa Bay anajua hivyo, na hilo mliweke akilini, kwa sababu si mimi peke yangu niliyekuwa nalijua.

Kazi yetu kubwa ilikuwa taa nyekundu za dashibodi. Magari ya kawaida, pikapu na malori, yana taa mbili tatu na hakuna anayezijali. Lakini miaka hii wameanza kuonekana watu wenye magari ya kifahari yaliyotumika: ya mabwana wakubwa wa Nairobi, ya wazungu waliomaliza mkataba, ya Kijerumani, yenye viti vya ngozi na madirisha yanayopanda yenyewe. Gari la namna hiyo lina taa za kuonya kama mama mkwe. Mlango haujafungika, anasema. Maji yamepungua, anasema. Balbu ya nyuma imeungua, anasema pia.

Jamaa mmoja alipata bahati kwenye mashimo ya dhahabu kule Osiri, akanunua moja. Wiki ya pili akaja amekunja uso, akasema gari limerogwa: taa ya balbu haizimiki, na balbu zote za nyuma zinawaka, yeye mwenyewe amezinunua mpya. Nikachungulia. Alikuwa ameweka balbu za lori. Nikamwambia gari lina majivuno, halikubali kuvaa viatu vya lori. Aliponuna, Fundi akaniita pembeni akaniambia mteja hachekwi mpaka aondoke. Hilo ni somo la kwanza, na mimi bado nalidurusu.

Somo la pili ndilo lenye kazi. Fundi alikuwa na mtindo wake wa kupima gari, na alisema unatosha kukuambia nusu ya maisha ya gari kabla hujafungua boneti. Aliuita kuita rejista. Unakaa kwenye kiti cha dereva, unanyamazisha kila mtu, unazungusha ufunguo nusu bila kuwasha injini. Hapo taa zote lazima ziitike: ya betri, ya oili, ya breki, na wenzao. Isiyoitika usifurahi ukadhani haina ugonjwa. Imekufa, au imeuawa. Tumeshakuta taa iliyopakwa kiwi ya viatu, tukakuta na nyingine imefunikwa kwa rangi ya kucha, nyekundu juu ya nyekundu, kazi safi sana.

Zikishaitika zote, unawasha injini na kutazama zinavyoondoka. Kila moja ina mwendo wake. Ya betri hutoka mara tu injini inapokamata. Ya oili huchelewa kidogo, kwa sababu oili imelala chini na lazima ipampiwe mpaka juu. Ya breki inasubiri uteremshe handibreki. Fundi alikuwa akisema wanafunzi wa kweli hawatoki darasani wakiwa wameshikana mikono. Ukiona taa mbili zimezimika kwa pamoja, kama macho ya mtu mmoja, kuna mtu amezifunga pamoja kwa nyuma.

Sasa twende kwa Anti Perpe.

Anti Perpetua ni dada wa baba. Ananunua mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, kule Takawiri na visiwa vingine, anawapanga kwenye barafu, na pikapu yake inawapeleka mpaka Kisii. Ni mtu ambaye akikohoa sokoni watu wanapunguza bei. Mwaka ule alikuwa na shida moja tu ambayo kukohoa hakukuitatua, nayo ni mama yake, nyanya yetu wa Oyugis tunayemwita Dani. Dani alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, anamtambua mtu kwa sauti na kuku kwa hatua. Katika hospitali moja ya misheni huko Homa Bay madaktari wa macho walikuwa wakija mara moja kwa mwaka, siku moja tu ya upasuaji, na mwaka ule siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Dani aliandikishwa. Ila alikataa kwenda kwa matatu, akasema hawezi kubebwa na viwiko vya watu asiowaona. Akaambiwa basi Anti atakuja na pikapu.

"Mimi si mbuta," Dani akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka uliotangulia alikuwa amesema vivyo hivyo na siku ikampita. Kwa hiyo safari hii Anti aliamua kununua gari lenye heshima, ambalo alikuwa akilitamani hata hivyo, tusidanganyane. Alilisikia kwa meneja fulani wa Homa Bay aliyekuwa anahamishwa. Gari la Kijerumani, rangi ya fedha. Anti akampigia kutoka posta, wakaelewana, na katika maongezi meneja akauliza kwa upole ni fundi gani atakayekuja kulikagua. Anti akamtaja Fundi Oloo kwa fahari. Meneja akasema ni sawa kabisa, ila yeye ana nafasi Jumamosi tu.

Mnaona? Mimi sikuona.

Fundi alimwomba Anti asubiri Jumapili. Anti akasema mwenye mali amesema Jumamosi, na Jumatano haisogei. Halafu akanigeukia, mbele ya wateja watatu na muuza mahindi, akasema, "Si huyu mtoto wa ndugu yangu anajua kusoma hizo taa?" Fundi akaanza kuimba polepole. Mimi nikasema najua. Na kweli nilikuwa najua. Ubaya wa hadithi hii ni huo.

Jumamosi tukafika. Gari lilikuwa limeoshwa mpaka mtu anaweza kunyolea ndevu kwenye mlango. Meneja alinikaribisha kama mtu mzima, akaniita injinia, akanifungulia mlango, akanionyesha redio ya kaseti yenye spika nne. Mamono, mimi nilikuwa sijawahi kuitwa injinia. Nikakaa, kiti kikanipokea kama mkate unavyopokea siagi. Nikaita rejista: taa zote zikaitika. Nikawasha injini, na wakati uleule meneja akaniambia nibonyeze kile kitufe pale, dirisha la nyuma litashuka. Nikageuka kulitazama linavyoshuka. Lilishuka vizuri sana. Niliporudisha uso dashibodini taa zilikuwa zimeshazimika zote.

"Gari iko namna gani?" Anti akaniuliza.

"Iko mzima, Anti."

Tukaondoka nalo. Tulipofika Rongo Anti akasimama kununua ndizi, na alipotaka kuondoka gari likamzimikia, kwa sababu alikuwa bado anaachia klachi kwa ghafla kama ya pikapu. Akawasha tena. Safari hii hapakuwa na dirisha la kutazama. Taa ya betri na taa ya oili zikazimika pamoja, kama macho ya mtu mmoja.

Nikamwomba Anti azime awashe tena. Akauliza kwa nini, nikasema nataka kusikia sauti ya injini. Akafanya, akafurahi hata, akasema huyu mtoto ni makini. Zikazimika pamoja. Mara ya tatu, pamoja.

Maana yake ilikuwa hivi. Mtu alikuwa ameikata taa ya oili kutoka kwenye injini na kuiunga na ya betri, ili iwake na kuzimika kwa adabu kila asubuhi. Hata oili ingekwisha kabisa, ile taa isingesema neno. Na hakuna anayejipa taabu ya kuiziba mdomo taa ya oili kama haikuwa inapiga kelele. Injini isipopata oili hukamatana vyuma kwa vyuma na kufa hapohapo barabarani, na wewe na abiria wako mnabaki kutazama ng'ombe.

Nilipaswa kusema pale Rongo. Nilinyamaza. Niliwaza: nikisema, gari litafunguliwa, Jumatano itapita, na Dani atakaa mwaka mwingine akitambua kuku kwa hatua, kwa sababu yangu. Nisiposema, huenda gari likafika. Nilikuwa na hesabu nzuri sana za kunyamaza. Jumapili Anti alilipeleka kanisani, Padri akaliombea, na watu wakaambiwa aliyelikagua ni mimi. Mama mmoja akanipa chungwa. Sikuweza kulila.

Jumatatu jioni nikamwendea Fundi, akiwa anafunga vifaa vyake. Nikamwambia nina rafiki, shuleni, ambaye amelikagua gari la mtu na baadaye akagundua taa mbili zinazimika pamoja, na anauliza kama gari la namna hiyo linaweza kwenda Oyugis na kurudi Homa Bay, mara moja tu.

Fundi akaendelea kupanga spana.

"Rafiki yako huyo ana shangazi?"

"Anaye."

"Anauza samaki?"

"Kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Pikapu," nikasema.

Akafunga sanduku. Hakuimba. Aliniuliza nimejua tangu lini, nikamwambia tangu Rongo. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo:

"Kosa la Jumamosi ni la kazi, hata mimi ningeweza kulifanya. Lakini Jumapili na Jumatatu ni zako peke yako. Nenda ukamwambie."

Anti alikuwa kwenye banda lake, anahesabu mabonge ya barafu. Nilimweleza nikiwa nimesimama karibu na mlango, upande wa kukimbilia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua lini?"

"Rongo."

"Rongo hiyo ya juzi?"

"Rongo ni moja tu, Anti," nikasema, na hata ulimi wangu wenyewe ulinishangaa.

Hakunipiga. Alikuja karibu, ananuka samaki na marashi, akanishika sikio bila kulivuta, kama mtu anayeshika bidhaa.

"Mimi nikinunua mbuta nafungua mashavu nione damu. Wewe umefungua dirisha." Akaniachia. "Na mama yangu angekaa ndani ya hiyo gari, kwenye barabara ya Oyugis, hajui hata kama imesimama. Ungenyamaza mpaka wapi?"

Alichukua funguo akanirushia kitambaa cha kujifuta uso, ambacho mpaka wakati huo sikujua nilikuwa nakihitaji.

Jumanne alfajiri gari lilikuwa gerejini. Kitu cha kwanza, Fundi alichomoa swichi ya oili kwenye injini na kufunga geji yake mahali pake, kwa sababu taa husema ndiyo au hapana tu, lakini geji inasema kiasi gani. Injini ilipokuwa baridi mshale ulisimama kidogo. Ilipopata moto ukalala. Anti akauliza kama lingefika Oyugis. Fundi akasema lingefika. Akauliza kuhusu kurudi. Fundi akasema kurudi wangerudi kwa miguu, na injini ingebaki huko kama kinu.

"Basi fungueni," Anti akasema. "Nataka hii gari kesho saa moja asubuhi." Akaketi juu ya debe mlangoni, na kwa siku nzima hakuna mteja mwingine aliyethubutu kuingia.

Mimi ndiye niliyelala chini ya gari. Tulining'iniza injini kwa mnyororo kwenye boriti, tukalegeza lile bakuli la chini ambamo oili hukaa. Ukiwahi kufanya kazi hiyo fumba mdomo. Mimi nilikuwa naeleza kitu. Bakuli lilipoteremka tulikuta tope jeusi zito kama uji wa jana, na ndani ya tope, vipande vya silikoni, ile gundi ya kuzuia mafuta yasivuje, rangi ya chungwa, virefu kama minyoo. Fundi fulani huko nyuma alikuwa ameipaka kwa kijiko badala ya kidole, ikachuruzika ndani, ikakatika vipande, ikaenda kuziba chujio ambalo pampu hunyonyea oili. Chujio lilikuwa limebakiwa na tundu la kupitisha shilingi, tena kwa kubembeleza.

Fundi Oloo alilitazama, akaanza kucheka, na Fundi hachekagi. Pampu ilikuwa nzima, injini ilikuwa nzima. Meneja aliona taa nyekundu, akaogopa injini imekufa, akailipa mikono ya mtu iizibe mdomo, akaliuza gari lake zuri kwa bei ya woga. Kumbe taa ilikuwa inaomba kuoshewa chujio.

Anti alikwenda posta mchana kumpigia simu. Tulidhani anakwenda kumtukana. Aliporudi alisema amemshukuru kwa bei, akamweleza ugonjwa ulikuwa nini, na kwamba meneja alikaa kimya mpaka simu ikala sarafu zote.

Gasketi ya bakuli, karatasi inayokaa kati yake na injini ili oili isivuje, haikuwepo Migori, labda hata Kisumu. Hapa nisikilizeni, huu ni ujuzi. Unachukua karatasi nene ya gasketi, unailaza juu ya ukingo wa chuma, unagongagonga polepole kwa kichwa cha nyundo kufuata ukingo, na chuma chenyewe kinaikata sawasawa. Ukigonga kwa hasira inapasuka. Niliipasua ya kwanza. Ya pili nilimaliza jua likizama, nikapaka silikoni kwa ncha ya kidole, nyembamba hivi, na Fundi akaipitishia kidole chake juu bila kusema kitu, na kwa Fundi hiyo ni sifa. Halafu nikaingia chini ya dashibodi, nikakata ule muungano wa siri, nikarudisha taa ya oili kwa injini yake.

Tukaita rejista, Anti mwenyewe kwenye usukani. Ya betri ikatoka. Ya oili ikakaa, ikakaa kidogo tena, halafu ikaondoka peke yake. Mshale wa geji ukasimama, na injini ilipopata moto haukulala.

Wakati nanawa mikono Fundi alisimama kando yangu. Akaniambia shule inafunguliwa Jumatatu, niende nikasome, na likizo ijayo nisije. Nikamuuliza kama amenifukuza.

"Hapana," akasema. "Umestaafu. Siku utakayoweza kuniambia kosa lako kabla sijalikuta, uje tuongee."

Nimeipeleka hiyo hukumu kwa wazee wengi nyumbani nikitafuta rufaa. Wote wamekula chakula chetu na kusema Fundi ana haki. Kwa hiyo nafasi iko, nendeni, na silikoni ni ncha ya kidole.

Jumatano saa moja tuliondoka. Oyugis tulimkuta Dani ameketi uani tangu alfajiri, amevaa gauni la kanisani, kibeti mapajani. Anti alimfungulia mlango. Dani aliinama kwanza akanusa ndani, kona hadi kona, halafu akaingia bila neno. Njia nzima mimi nilikuwa kiti cha mbele nikitazama dashibodi kama mtu anayelinda wezi, na kila Dani aliponiuliza tumefika wapi nilimjibu kwa sauti ya kiinjinia, nzito, nikimtajia na mwendo wa gari. Tulifika. Akapasuliwa.

Kesho yake tulikuwa pale kitandani wakati bandeji inatolewa. Daktari alimwambia afungue macho taratibu. Alimwona Anti kwanza, akamwambia amenenepa, je, anauza samaki au anawala. Akatazama dirisha muda mrefu, miti, watu wanaopita. Kisha akanigeukia mimi.

"Huyu ndiye yule fundi aliyekagua gari?"

"Ndiye, Mama," Anti akasema.

Dani alinichunguza kuanzia nywele mpaka viatu, akarudi juu tena, bila haraka.

"Sauti ilinidanganya," akasema. "Nilidhani ana akili."

Daktari akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa anaona vizuri.